Ritifaa

Karakana ya mawe ya Bwana Thwaite, mjini Halifax,
iko nyuma ya stesheni, jirani na muuza mazulia.
Humo nachonga majina ya watu nisiowajua
kwa lugha niliyojifunzia ukubwani,
na tunatoza kwa herufi: pauni tatu na nusu,
iwe kubwa iwe ndogo.
Nukta bure.

Jumatano ile waliingia wawili na mvua yao:
Graham Barraclough, fundi wa mabomba, kofia mkononi,
na shangazi yake Enid, mkongojo wa alumini,
aliyefundisha sarufi shule ya wasichana
hadi wasichana wakawa mabibi.
Marehemu Clifford, kaka wa huyu, baba wa yule.
Karatasi ilikuwa na jina, mwaka wa kuja, mwaka wa kwenda,
na chini yake maneno matatu
ambayo kwetu yangesomeka: fahari ya mwanawe.

"Ritifaa iko wapi?" aliuliza Enid
kabla hajaketi.

Graham akacheka. Nani anajali siku hizi, shangazi?
Muuza viazi haweki, benki haiweki,
kinyozi huweka mbili ili asikose.
Lugha ni ya wanaoisema.
"Na jiwe," akasema Enid, "ni la wanaolisoma."
Wakatoka hapo wakaingia kwenye viunganishi,
kama ni halali kufungulia sentensi;
wakafika kwenye bango la dukani, foleni ya haraka,
vitu kumi au kidogo,
Enid akigonga sakafu: vichache! Vinahesabika! Vichache!
Mimi nanoa patasi, nacheka kimoyomoyo.
Kumbe na wenyewe hawajakubaliana!
Na mimi miaka tisa nawaomba radhi kwa kila kitenzi.

Ritifaa naijua. Nilichapwa kwa ajili yake huko Wete,
darasa la tatu, nilipomwandika ng'ombe bila kumtundikia.
Mwalimu akasema, ng'ombe wako huyu hana pua.
Na ng'ambo, neno lililonileta huku,
nalo hulibeba doa hilohilo begani.

Basi nikasema haya, tutaiweka.
Kabla ya herufi ya mwisho, au baada?

Hapo pakanyamaza.

Kwao, ikitangulia, mwana ni mmoja.
Ikifuata, ni wana.
Sikio halitambui, ulimi haubadiliki.
Kwetu jambo hili halifichiki:
mwana, wana, idadi imesimama mlangoni,
hujaingia ndani ya neno imeshakupa mkono.
Kwao hujibanza mkiani,
upana wa punje ya mtama.

"Kabla," akasema Graham. "Niko mmoja."
"Baada," akasema Enid.
"Shangazi. Niko mmoja."
Enid alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu,
akaivaa ikiwa na ukungu uleule.
"Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne.
Sikuwahi kupitisha kosa nililolijua."

Birika la Bwana Thwaite likapiga mluzi.
Hakuna aliyelizima.

Wiki tatu jiwe lililala juu ya magogo,
limekamilika, isipokuwa ile punje.
Kisha Graham akaja peke yake, asubuhi na mapema,
gari lake linaunguruma nje.
Hakusalimu. Alilamba kidole gumba,
akakibandika baada ya herufi ya mwisho.
Unyevu ukabaki.
"Hapo?"
"Anaitwa Curtis," akasema. "Yuko Dewsbury, mwendo wa nusu saa.
Ana masikio yangu."

Nikapiga patasi mara mbili kabla hapajakauka.

Jioni Bwana Thwaite aliuliza aandike bei gani.
Si herufi, nikamwambia. Wala si nukta.
Akakuna kisogo, akaandika sifuri,
akaifuta, akatazama jiwe,
akaiandika tena.